Sindano, Upande wa Tundu

Mimi ndiye niliyeununua ule unga.
Niandike hivyo kwanza, kabla mkono haujapata pa kujificha.
Soko la Majengo, Jumamosi, vumbi la Septemba
limekaa juu ya nyanya kama limelipa ushuru,
na yule bwana wa Kondoa kwenye turubai lake
hakunidanganya kwa jicho wala kwa ulimi:
alilamba kidole, akachovya, akala mwenyewe mbele yangu.
"Unaongeza kinga, dada. Kinga ya mwili mzima."
Nani duniani, akiambiwa kinga inaongezwa,
atasema basi, yangu inatosha?

Ndahani alikuwa na vidonge vyake vya hospitali,
vidogo, vya manjano, vya viungo vilivyomvimba
tangu mwaka ule uwele ulipokataa.
Tulielezwa, nami nilikuwepo, nikaitikia:
kinga yake ni mbwa aliyekosa adabu,
anang'ata ndama wa zizi analolilinda;
vidonge ni mnyororo tu.
Nikaitikia.
Nikarudi nyumbani, nikampikia mbwa nyama.

Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni,
ndani ya uji, usionekane.
Wiki ya kwanza akasema amepata nguvu,
akaenda Hombolo kupogoa mizabibu ya watu, mistari sita,
akarudi anapiga mluzi.
Nikajisifu mtaani. Nikammegea Mama Sechelela nusu kopo.

Wiki ya tatu kandambili ilimvuka asijue.
Alitoka bafuni hadi mlangoni, mguu mmoja mtupu,
kandambili imebaki nyuma kwenye tope,
naye anabisha kwamba ameivaa.
Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.
Ganzi ikapanda kama mafuta ya taa kwenye utambi:
nyayo, vifundo, magoti.
Siku ya nne mkasi wa kupogolea ukamponyoka,
na usiku akaniita kwa sauti nyembamba:
"Dada, miguu yangu umeiweka wapi?"

Walimchoma mgongo, wakachukua maji.
Daktari kijana, Chilongani, aliuliza mara tatu:
ametumia kitu kingine? Chochote? Hata majani?
Mara ya kwanza nilitazama dirisha.
Mara ya pili nilimtazama Ndahani, naye akanitazama
kwa upole wa mtu asiyejua.
Mara ya tatu nikafungua mkoba.
Aliunusa, akaumwaga juu ya karatasi, hakunikaripia.
"Siwezi kuapa kwamba ni huu. Siwezi kuapa kwamba sio.
Humu kuna miti mingapi? Au kuna kidonge kilichosagwa?"
Hata kopo halikujua:
lilikuwa limeandikwa mafuta ya watoto.

Sisemi mti ni adui.
Bibi alitulea kwa mizizi, na tuko hapa;
wale aliowazika hatuwahesabu tunaposimulia.
Mama Sechelela alikunywa nusu yake yote,
na jana nimemwona na ndoo kichwani, anapandisha mlima
bila kuhema.
Ninachosema ni kwamba nilificha,
kijiko nikakiosha haraka haraka,
na kimya changu nacho kilikuwa dozi,
mara mbili kwa siku.

Sasa yuko nyumbani, kitanda kimesogezwa karibu na cherehani.
Kila jioni, nikimaliza sare za shule,
nachukua sindano, upande wa tundu, si wa ncha,
namgusa goti, muundi, unyayo.
Hapa? Hapana.
Hapa? Hapana.
Miezi mitatu ya hapana.

Juzi nilikuwa nimechoka, umeme umekatika,
nikaishika sindano kinyume bila kuangalia:
kidole gumba, ncha.
Akavuta mguu, kidogo, kama mtu anayegombea shuka,
akanitukana tusi la Kigogo
ambalo marehemu mama angelilipa kwa kofi.

Nikamwambia, rudia.
Akarudia.